Mninga Uliokatwa Kinyume

"Ulipikia ugali!" Generosa alirudia, na safari hii sauti ilipanda mpaka kuku wake wakakimbilia chini ya tangi la maji. "Mti uliowaona Wajerumani wakija, ukawaona wakiondoka, wewe Sostenes ukaupikia ugali na maharage!"

"Shemeji, punguza sauti. Mgeni anasikia."

"Na asikie! Ametoka Morogoro na pikapu kufuata mbao. Mtafutie gunia basi, apakie majivu."

Sostenes alisimama mlangoni mwa banda, aproni ya useremala kiunoni, penseli nyuma ya sikio, kama fundi aliyeitwa kupima dirisha akakuta nyumba yenyewe haipo. Alikuwa ametumiwa mtu karakanani, akaja mbio na mkoba wake wa zana begani akidhani kuna mgonjwa. Mkewe, Ruthu, alimfuata nyuma akihema, kitenge kimefungwa upande, maana naye alidhani hivyo hivyo. Ndani ya banda palikuwa na turubai lililokunjwa vizuri na vumbi la mbao sakafuni. Basi.

Kando ya tangi alisimama huyo mgeni, Miriam, binti mrefu mwenye miwani, aliyefanya kazi chuo kimoja na marehemu Octavian, mwanawe Generosa. 

Generosa mwenyewe ndiye aliyemleta bandani asubuhi ile. Alimpokea vizuri, akaitikia shikamoo yake, akampa chai na kiazi, akamwambia, "Vitu vya mwenzio vipo vyote. Sijavigusa. Njoo uvione." Tena alisema kwa fahari, kama mtu anayefungua kabati la vyombo vya wageni. Toka mazishi hakuwa amekanyaga nyuma ya nyumba ile. Kuku walilishwa na binti wa jirani. Na banda likawa tupu mbele ya mgeni, mpaka Sostenes alipokuja kusema kwamba mbao alizitia kwenye moto wa kupikia watu wa msiba.

"Seremala mzima!" Generosa aliendelea. "Mtu anayejua mbao kuliko anavyojua watoto wake! Ungekuwa mlevi wa kilabuni ningesema haya, hajui. Wewe ulijua ule ni mninga. Ulijua ni kazi ya mtoto. Ulijua alilala porini kwa ajili yake. Ukachukua shoka!"

"Nilichukua," alisema Sostenes.

"Unakubali?"

"Nakubali, shemeji. Nilichukua shoka mimi."

"Kwa nini?"

Sostenes akatazama chini. Aliitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kuni zilikuwa zimekwisha," alisema. "Watu walikuwa wengi."

Generosa akacheka, kicheko kibaya, kikavu. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Miaka yote aliyokuwa bibi shamba, kabla serikali haijapunguza watu naye akapunguzwa, wakulima walikuwa wakisema afadhali utembelewe na nzige kuliko Mama Octavian, maana nzige hawakuulizi kwa nini. Sasa alifuga kuku wa mayai hapo Kikuyu, mjini Dodoma, akauza na chakula chao kwa majirani, na majirani nao walikuwa wamejifunza kutomkopa.

Alikuwa na mtoto mmoja. Mumewe Thobias alimwachia huyo mmoja akatangulia, na huyo mmoja alisoma mpaka vitabu vikamshangaza mama yake mwenye stashahada ya chuo cha Mpwapwa. Siku ya kwanza Octavian alipomweleza anachosomea, Generosa alikuwa anapepeta mahindi yaliyotwangwa.

"Unasomea magogo?" aliuliza.

"Nasomea mvua, mama. Mvua za zamani, ambazo hakuna aliyezipima."

"Na zamani hiyo unaipata wapi?"

"Ndani ya mti. Kila mwaka mti unaongeza pete moja. Sasa pete hiyo ndiyo chakula cha mwaka huo. Kuna kaboni nyepesi na kaboni nzito, zote ziko hewani, lakini jani linapenda nyepesi. Mwaka wa mvua jani linafungua vinywa vyake vyote, linachagua, ile nzito linaiacha. Mwaka wa ukame linafumba vinywa lisipoteze maji, na kile kidogo kilichobaki ndani linakila chote, nzito na nyepesi." Akachota pumba zilizokuwa pembeni ya ungo, akaziinua. "Wewe ukiwa na shibe unakula hizi?"

"Nampa kuku."

"Na mwaka wa njaa?"

"Tulikula," alisema Generosa. "Tena tuligombania."

"Basi na mti hivyo hivyo. Mimi naangalia pete ipi ilikula pumba."

Generosa alimwelewa siku hiyo, akamwelewa vizuri kuliko alivyoonyesha. Na alijua kwa nini kijana alikwenda kutafuta miti yake Busi, huko Kondoa, kwao na baba yake, badala ya mahali pengine popote penye mninga. Huko Busi kulikuwa na ugomvi wa zamani wa familia. Serikali ilipoondoa mifugo Kondoa ili ardhi ipumue, ng'ombe wa babu yake Octavian walitolewa pamoja na wa wengine. Mzee alikufa akisema si ng'ombe walioimaliza nchi, ni mvua iliyoikimbia. Generosa, mke wa mwanawe, bibi shamba mwenye stashahada, alimwambia mbele ya watu kwamba ni ng'ombe. Sostenes, mdogo wa Thobias, hakuisahau siku ile. Kila Krismasi, pombe ikishuka kidogo, alikuwa anauliza, "Shemeji, ni ng'ombe bado?"

"Msigombane," Octavian aliwaambia. "Tuuulize mninga. Hauna shemeji, hauna mkwe."

Akakaa msituni. Miaka hiyo wafanyabiashara wa mbao walikuwa wameingia na misumeno ya injini, kila gogo nene linakwenda Dar kuwa mlango wa mtu, na Octavian alifuata nyuma yao akiomba kila mti mkubwa wampe kipande cha unene wa kiganja, kilichokatwa kwa kukingama kama mkate wa boflo. Kisha akakata kila kipande kuwa ubao mmoja mrefu unaopita katikati ya moyo wa mti, toka gome hadi gome, akausugua mpaka pete zikaonekana kama mistari ya daftari. Akazipanga mbao juu ya lori la mahindi, akazikalia, akaja nazo Dodoma. Alishuka anatetemeka. Aliweka mbao bandani, akafunika turubai, akasema, "Mama, nalala kidogo." Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Hakurudi chuoni, hakurudi popote. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kondoa, wakamzika hapa hapa mjini.

"Watu walikuwa wengi," Generosa alimwigiza shemeji yake. "Watu walikuwa wengi! Wangekula mbichi! Wangelala na njaa! Aliyefiwa ni mimi, mimi niliomba ugali?"

Hapo ndipo Ruthu aliposhindwa kuvumilia.

"Mwambie," alimwambia mumewe.

"Ruthu, nyamaza."

"Sinyamazi. Toka asubuhi unatukanwa kama mwizi wa kuku. Kama husemi, nasema."

"Mama Damas!" Sostenes alimwita kwa jina la heshima, kama mtu anayeshika mkono wa mwingine asidondoshe chombo. Lakini chombo kilikuwa kimeshadondoka.

"Sema," alisema Generosa. "Kama kuna neno, litoke. Nimeshazika, sitazika tena."

Ruthu akakaza kitenge chake. "Ni wewe uliyesema, Mama Octavian. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekushika bega hili hapa. Baba Damas aliingia chumbani akapiga magoti mlangoni, akasema, shemeji, kuni zimekwisha, nakwenda kununua, nakuaga tu. Ukainuka. Ukasema, kuni za kununua za nini, bandani kumejaa. Akasema, shemeji, zile ni za Octavian. Ukasema..." Akasita.

"Nilisema nini?"

"Ukasema, hayo magogo ndiyo yaliyoniulia mtoto. Yachomeni. Yachomeni yote, nisikie harufu yake. Msipoyachoma nitayachoma mwenyewe na nyumba."

Kuku mmoja alitoka chini ya tangi, akaanza kupekua ardhi. Generosa alimtazama kuku yule.

"Sikumbuki," alisema.

"Walikuwa wamekuchoma sindano ya usingizi."

"Sikumbuki kabisa."

"Hukumbuki, lakini ulisema. Na ukatoka nje, tukakushika huku na huku, ukasimama pale kwenye mafiga mpaka yote yakaisha. Watu wazima waliona. Kuna mtu wa kumrudishia mfiwa kauli yake? Mama aliyezaa amesema choma, nani aseme sichomi?" Sauti ya Ruthu ilikuwa imeanza kupoa, akawa kama anajuta. "Huyu alilia akipasua. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa baba yake. Akaniambia, asikumbushwe. Akiuliza siku moja, ni mimi niliyechoma."

Sostenes alikuwa amegeuka, ameelekea ndani ya banda, anakunjua turubai na kulikunja upya, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

Generosa alikaa juu ya ndoo. Hakulia. Alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake kama mtu anavyotafuta funguo kwenye mkoba, anavuta kila kitu nje na funguo hazipo. Mkeka alikuwa anaukumbuka. Wimbo wa jumuiya alikuwa anaukumbuka, na mama mmoja aliyeimba vibaya. Moto, hapana. Harufu, hapana.

"Binti," alimwita Miriam bila kuinua kichwa. "Hakuna kilichobaki kwenu? Hakuna alichotuma?"

"Hakuna, mama. Alitaka zipelekwe zote pamoja. Maabara iko nje, na walishatupa nafasi ya kupima." Sauti ya Miriam ilikuwa nyembamba. "Nilifikiri nikamilishe kwa jina lake. Ndiyo maana nimekuja."

"Huwezi kukata mingine? Sostenes atakupeleka Busi."

"Nilipitia huko kwanza, mama. Minene imekwisha. Na visiki vyake wenye mashamba wameshavichoma ili walime."

"Na wao wamechoma," alisema Generosa. Kisha akauliza swali lililomjia tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatanunua. "Huko maabara wanaupimaje?"

Miriam alivua miwani, akaifuta kwa gauni. 

"Wanausaga, mama, pete moja moja. Halafu wanauchoma."

"Wanauchoma?"

"Ndiyo. Unaungua mpaka unaisha, na moshi wake, ile hewa inayotoka, wanaikamata kwenye mashine na kuipima uzito."

"Kumbe hata huko ungechomwa."

"Ungechomwa. Lakini ule moshi ungekamatwa."

Generosa alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Alifikiria moshi uliopanda juu ya paa lake, juu ya Kikuyu yote, miaka ya mvua na miaka ya njaa, babu wa babu, umechanganyika na wa maharage, na watu chini yake wakijipangusa macho na kuuliza sukari iko wapi. Mwanawe alikuwa chini ya ardhi na kazi yake ilikuwa juu hewani, na yeye mwenyewe alisimama katikati akaviachanisha. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika, na Ruthu aliyekuwa anagombana naye sasa hivi akaja akapiga magoti akamkumbatia kiuno, na ndoo ikayumba.

Sostenes alitoka bandani.

"Shemeji," alisema. "Upo mmoja."

Hakuna aliyemwelewa.

"Nilichomoa mmoja. Ulikuwa mrefu kuliko yote. Nilipoinua shoka nikaona maandishi yake ya penseli ukingoni, mkono wangu ukagoma. Nikautia chini ya aproni kama mwizi." Alikuwa anaongea haraka. "Sikujua niuweke wapi. Ungeuona ungesema uchomwe. Nikafikiri, ni wapi ambapo huyu mama hawezi kutia moto? Na kulikuwa na kazi ya msalaba, na mimi ndiye seremala."

Generosa alijifuta uso kwa kiganja. "Uko kaburini."

"Ndio mkono wa msalaba. Ule wa kukingama. Nimeuandika jina."

Miriam aliweka miwani usoni, kisha akaivua tena. "Hapana, mama," alisema. "Hapana. Hiyo tusiizungumze. Acheni ukae."

"Sijakuuliza bado," alisema Generosa, na akasimama. "Mwambie dereva wako awashe gari."

Makaburini jua lilikuwa limeshachukua nafasi yake. Mvua zilikuwa zimekwisha, majani yameanza kuwa na rangi ya simba, na makaburi mapya yalikuwa yameshuka kidogo katikati kama yanavyoshuka baada ya masika ya kwanza. La Octavian lilizungushiwa mawe. Generosa alikuwa ameyapaka mawe yale chokaa kwa mkono wake, na mara zote alizofika hapo, alipiga magoti, akang'oa magugu, akasoma jina: OCTAVIAN THOBIAS, rangi nyeusi ya mafuta, herufi za Sostenes zilizonyooka kama ukuta. Jina alilisoma. Ubao hakuutazama hata mara moja.

Sasa aliutazama. Chini ya herufi, na kati ya herufi, kulikuwa na mistari iliyopinda, mingi, imebanana, inaanza katikati palipo na misumari na kutawanyika pande zote mbili mpaka kwenye gome.

"Nilishangaa ule ubao," alisema Sostenes. "Umekatwa kinyume na nyuzi. Fundi akikata hivyo anafukuzwa kazi, unavunjika kama biskuti. Nikauwekea bati nyuma. Nikasema, kijana amesoma yote hayo, mbao hajui kukata."

"Alijua," alisema Miriam. "Hivyo ndivyo miaka inavyoonekana yote."

"Najua sasa."

Generosa alimgeukia Miriam. "Huo ubao una miaka mingapi?"

Miriam hakusogea karibu. Alihesabu kwa macho akiwa pale pale, midomo ikicheza, akakata tamaa katikati. "Zaidi ya mia, mama. Labda ndio uliokuwa mkongwe kuliko yote. Alinisimulia mmoja aliouita Babu."

"Unatosha peke yake?"

"Mama, tafadhali."

"Nakuuliza kitu cha kazi, nijibu cha kazi. Unatosha?"

"Kuziba nafasi ya zile mbao zote, hapana. Lakini kitu kingepatikana. Miaka ya ukame ingeonekana, hata ile ya kabla ya vipimo vya mvua. Pangekuwa na andiko, na jina lake lingekuwa la kwanza."

"Nusu yake je? Nikate hapa katikati, wewe uchukue upande mmoja."

Miriam alifikiri, maana alikuwa binti mkweli. "Upande mmoja unaweza kudanganya. Mti ukiegemea, au ukiungua ubavu, kuna miaka unaruka pete upande huo. Tunapima pande zote mbili ili upande huu usahihishe ule."

"Basi nusu haifai."

"Haifai, mama. Lakini Octavian mwenyewe asingekubali. Nakuapia. Asingegusa msalaba wa mtu."

"Octavian alikuwa mpole," alisema Generosa. "Upole aliutoa kwa baba yake. Na huo upole ndio uliomfanya aje juu ya lori na homa, asimsumbue dereva kumwomba nafasi mbele." Alizunguka kaburi, akasimama upande wa pili. "Sostenes, padre atasema nini?"

"Hilo ndilo nilitaka kukuuliza."

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia. Wewe una la kusema? Ni mtoto wa kaka yako. Na mti ni wa kwenu."

Sostenes aliweka mkoba wa zana chini.  "Baba alisema ni mvua," alisema. "Wewe ulisema ni ng'ombe. Mimi nilikuwa naleta utani tu, lakini kijana aliuchukua kwa uzito. Kila akija karakanani anasema, baba mdogo, subiri, nitakuletea jibu la mzee." Akautazama ubao. "Lakini jina lake, shemeji. Tukiutoa, hapa panabaki mti uliosimama tu. Mpita njia atadhani ni wa kufungia mbuzi."

"Kweli," alisema Generosa. "Na usipotoka?"

"Usipotoka, mchwa wa Dodoma tunawajua. Mwaka huu au ujao watakuwa wameshaufikia."

Upepo ulipita, ukainua vumbi, ukaliacha. Generosa aliweka mkono juu ya ubao. Ulikuwa na joto la jua, kama kichwa cha mtoto aliyecheza nje. Aliuondoa mkono haraka.

"Yale mengine niliyachoma bure," alisema. "Nipe nyundo."

"Ngoja nitoe mimi."

"Nipe nyundo, Sostenes. Umeshafanya ya kwangu ya kutosha."

Alimpa. Ilikuwa nyundo yenye makucha, na Generosa, aliyejenga mabanda ya kuku kwa mikono yake mwenyewe, alijua kuitumia. Alipitisha makucha chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, akaegemea. Msumari ulipiga kelele ndefu ulipotoka. Miriam aligeuka akatazama barabara. Wa pili ulikuwa umepinda, ukakataa, na ubao ukaanza kutoa mlio wa kuchanika. Sostenes akaingia mara moja, akashika bati la nyuma kwa viganja viwili, akasema, "Polepole, polepole, uzungushe kwanza." Wakauzungusha wakiwa wote wawili, hawatazamani, vichwa vimekaribiana juu ya kaburi. Ukatoka.

Generosa aliupokea ubao mapajani, amekaa juu ya mawe yake ya chokaa. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

"Na hii rangi?" alimwuliza Miriam.

"Itatolewa huko huko, mama. Lazima itoke. Rangi ya mafuta ina kaboni yake, si ya mti. Ikibaki inatia uongo kwenye vipimo."

"Nani ataitoa?"

"Wafanyakazi wa maabara."

"Wazungu?"

"Watakuwepo. Wanajua kazi, watakuwa waangalifu."

"Hawamjui," alisema Generosa. "Watakuwa wanafuta rangi." Akanyoosha mkono kwa shemeji yake. "Msasa."

Sostenes alitoa kipande cha msasa mfukoni mwa aproni, akatoa na kipande cha kioo alichotumia kukwangulia vanishi. "Anza na kioo, kilaze hivi. Usitumie nguvu, ubao huu unamomonyoka. Malizia na msasa."

Alianza na mwisho, kwa sababu THOBIAS ilikuwa rahisi. "Wewe utanivumilia," alimwambia marehemu mumewe, "umeshazoea." Herufi ziliondoka kama magamba ya samaki, nyeusi, zikianguka kwenye gauni lake na kwenye udongo. Alipofika kwenye jina la mtoto, kioo kilisimama. Sostenes alisogea hatua moja. Generosa akamzuia kwa kidole, bila kuinua uso. Akaanza na N. Kisha A. Alikuwa anapumua kwa mdomo, kama alivyopumua siku ya kumzaa, na kwa kila herufi aliyokwangua aliitaja, si kwa sauti, midomo tu. Machozi yalipotaka kudondokea mti alirudisha kichwa nyuma yapite shingoni, maana hakujua kama na machozi yana kaboni yake, na huu haukuwa wakati wa kuuliza.

O ilikuwa ya mwisho na ilikuwa imekolea. Ilimchukua muda kuliko zote.

Kisha msasa. Alisugua toka gome hadi gome, akapuliza, akasugua tena, mpaka pete zikajitokeza zote, nene kwa nyembamba, mahali pengine zimebanana mpaka jicho haliwezi kuzitenganisha. Hakuna aliyemwambia zile ni za miaka gani. Alikung'uta gauni lake juu ya kaburi, ile rangi yote ibaki pale, akaifukia kwa vidole.

Akasimama na kumkabidhi Miriam ubao.

"Ufunge kwenye nailoni kabla ya vumbi la barabarani," alisema. "Ulaze mbele, miguuni kwako, usiuweke nyuma. Na dereva asipakie abiria njiani."

"Sawa, mama."

"Haya, nenda. Mnachelewa."